Je, "jarida la kinyang'anyi" ni jina la haki, na aliyekwisha kuchapisha humo afanye nini?

Mhadhiri Msaidizi, Morogoro (ameuliza)

Wasomi wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, niko mwaka wa tatu wa masomo ya uzamivu, na utafiti wangu unahusu uhifadhi wa mahindi baada ya mavuno kwa wakulima wadogo. Mwaka juzi nilipokea barua pepe iliyonitaja kwa jina langu kamili, ikasifu mada niliyoiwasilisha katika kongamano fulani, na kunialika niipeleke ikiwa makala kamili katika jarida ambalo jina lake lilianza na neno "Kimataifa". Niliituma siku ya Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nilijibiwa kwamba wahakiki wawili wameisoma na kuikubali, kwamba marekebisho pekee yanayotakiwa ni kupunguza ikisiri ibaki na maneno 200, na kwamba nilipe dola 150 ndani ya siku saba. Nilikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, nikalipa.

Makala ilipotoka, niligundua kosa langu mwenyewe katika jedwali la pili. Safu ya unyevu wa punje na safu ya idadi ya dumuzi zilikuwa zimebadilishana vichwa, hivi kwamba gunia moja linasomeka kuwa na unyevu wa asilimia 61. Mtu yeyote aliyewahi kushika mahindi ghalani angeona kwamba jambo hilo haliwezekani, lakini hao wahakiki wawili hawakuliona. Niliandika kuomba kosa lisahihishwe, sikujibiwa.

Mwezi uliopita niliomba kupandishwa cheo. Kamati iliiweka kando makala hiyo, na mmoja wa wajumbe akasema mbele ya wenzangu kwamba nimechapisha katika "jarida la kinyang'anyi". Mwingine alisema "jarida la kitapeli", wa tatu akasema "jarida la kulipia", kana kwamba kulipia ndiko kosa lenyewe. Uamuzi wao siupingi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba nilitoka katika kikao kile nikiwa nimevikwa jina la mnyang'anyi, ilhali niliyenyang'anywa ni mimi. Naomba mnisaidie kwa mambo matatu: nani aliyeamua kwamba jarida fulani ni la namna hiyo na kwa vigezo vipi, ni jina gani linalofaa kutumiwa na wasomi wanaojali haki, na nifanye nini sasa na makala hii ambayo ndani yake mna kazi ya misimu miwili ya mavuno.

Mkutubi, Dar es Salaam

Mdogo wangu, pole sana. Nimefanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kwa muda mrefu, na kila muhula hukosi mtu anayenijia na kisa kinachofanana na chako, mara nyingi akiwa ameshalipa.

Neno hilo lilianzishwa na mkutubi mwenzangu. Jeffrey Beall, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, ndiye aliyeanza mwaka 2010 kuwaita baadhi ya wachapishaji wa ufikivu huria, yaani wanaoweka makala mtandaoni zisomwe na yeyote bila malipo, kwa neno la Kiingereza "predatory", linalotumiwa kwa mnyama anayeishi kwa kuwinda wenzake. Aliweka orodha yake mtandaoni, na vyuo vya pande zote za dunia vikaitegemea hadi Januari 2017 alipoiondoa. Orodha ile ilituokoa na mengi, nami ni shahidi, kwa maana kabla yake hatukuwa na mahali pa kumwelekeza mwanafunzi. Hata hivyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na vigezo vyake vilichanganya udanganyifu halisi, kama vile kubuni bodi ya wahariri, na upungufu wa kawaida, kama vile tovuti iliyoandikwa kwa Kiingereza kisichonyooka. Mchapishaji maskini na mchapishaji mwongo waliweza kujikuta katika ukurasa mmoja. Isitoshe, Beall hakuupenda ufikivu huria kwa jumla, na aliyaandika hayo waziwazi.

Baada ya orodha kutoweka, kila mtu alibaki akitumia neno lile kwa maana yake mwenyewe. Aprili 2019 watu 43 kutoka nchi 10, wakiwemo watafiti, wachapishaji, wakutubi na wafadhili, walikutana Ottawa nchini Kanada ili wakubaliane maana moja, na walichokubaliana kilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Desemba mwaka huo. Nikiueleza uamuzi wao kwa maneno yangu, walisema kwamba jarida au mchapishaji wa aina hii hutanguliza maslahi yake na kuigharimu elimu, na kwamba hutambulika kwa kutoa habari za uongo au za kupotosha, kwa kwenda kinyume na taratibu njema za uhariri na uchapishaji, kwa kuficha mambo yanayopaswa kuwa wazi, au kwa kuwaandama watu kwa mialiko isiyochagua nani anaalikwa wala kwa taaluma gani. Uyatazame pia mambo waliyoyaacha nje. Hawakuutia ubora wa uhakiki, kwa sababu mtu aliye nje hana namna ya kuupima. Hawakutia nia ya kudanganya, kwa sababu nia imo moyoni mwa mtu. Wala hawakutaja kutoza ada kuwa ni dalili, kwa hiyo aliyesema "jarida la kulipia" alikosea: yapo majarida yanayoheshimika yanayotoza dola elfu moja, mbili na zaidi kwa makala moja, na uhakiki wake ni wa kweli.

Dalili ninayoitumia mimi kwanza ni bodi ya wahariri. Watafiti wa Poland walimbuni msomi asiyekuwepo, wakamwita Anna O. Szust, jina ambalo ukiliunganisha na herufi iliyotangulia linakuwa neno la Kipolandi lenye maana ya tapeli. Walimtungia wasifu dhaifu usio na makala hata moja ya jarida, kisha wakaomba awe mhariri katika majarida 360. Matokeo yalitoka Machi 2017. Majarida 48 yalimpokea: 40 kati ya 120 yaliyokuwa katika orodha ya Beall, na 8 kati ya 120 yaliyokuwa katika daftari la majarida ya ufikivu huria, lile la DOAJ. Yale 120 yaliyotolewa katika orodha rasmi ya majarida yanayopimwa kwa idadi ya kunukuliwa hayakumpokea hata moja. Kwa hiyo nikiletewa jarida nisilolijua, huchukua majina matano ya bodi na kuyatafuta katika tovuti za vyuo vyao. Wiki chache zilizopita nilifanya hivyo na mwanafunzi aliyekuwa ameketi pembeni yangu. Kati ya watano, wawili hawakuonekana popote, mmoja alikuwa ameshafariki, na wa nne tulipomwandikia alijibu asubuhi iliyofuata kwamba jina lake limewekwa bila idhini na ameshaomba mara mbili liondolewe.

Mengine nitayapitia kwa haraka. ISSN, ile namba ya utambulisho inayopewa kila jarida, ni kitambulisho tu, haithibitishi ubora. Kuonekana katika Google Scholar si cheti, kwa kuwa ni mashine inayokusanya makala zilizoko mtandaoni. Ukikuta jarida linajisifu kwa kipimo cha mvuto, yaani cha jinsi makala zake zinavyonukuliwa, kutoka shirika ambalo hujawahi kulisikia, ujue yapo makampuni yanayouza vipimo hivyo. Tena kuna majarida yaliyotekwa, yaani mtu anatengeneza tovuti inayofanana na ya jarida la kweli, kwa jina lile lile na namba ile ile, kisha anapokea fedha za waandishi. Hapo mtu anaweza kukagua kila kitu na bado akaumia.

Mwalimu wa Chuo Kikuu, Eldoret

Nashukuru kwa maelezo ya mkutubi, nami sina la kuongeza kuhusu dalili. Lakini dada yetu ameuliza juu ya jina, na hapo nina maoni ambayo huenda hayatampendeza.

Jina la mwindaji linagawa watu makundi mawili, mwenye meno na mwenye kuliwa. Nimekaa katika kamati za uteuzi na upandishaji vyeo kwa zaidi ya miaka kumi, na naweza kusema bila kusitasita kwamba wengi tuliowapitisha wakiwa na makala za namna hii hawakuwindwa. Walikwenda wenyewe, wakijua. Mtu anakuja na makala sita zilizotoka katika miezi minne, zote katika majarida ya mchapishaji mmoja, zikihusu elimu, kilimo, benki na afya ya uzazi. Huyo ni mnunuzi. Pale sokoni panauzwa alama za kupandia cheo, naye amezihitaji na amezipata. Tukiendelea kuzungumza lugha ya mawindo tutaendelea kuwapeleka vijana kwenye warsha za "jinsi ya kutambua" wakati wanatambua vizuri kabisa.

Na sisi tunaohesabu tumo. Nchini Kenya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka sharti kwamba mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yaliyohakikiwa kabla ya kuhitimu. Nia ilikuwa nzuri, nami niliiunga mkono. Lakini ukiwawekea maelfu ya watu sharti la namna hiyo bila kupanua majarida ya kweli yanayoweza kuwapokea, na bila kuwapa kamati muda wa kusoma kilichochapishwa, umefungua duka. Afrika Kusini, ambako serikali huvipa vyuo ruzuku kwa kila makala inayotambuliwa, watafiti wawili walikagua miaka ya 2005 hadi 2014 wakakuta makala 4,246 za wasomi wa huko katika majarida waliyoyatilia shaka. Hiyo ilikuwa fedha ya umma.

Jambo la pili ninalotaka kulisema kwa uzito ni rangi na ramani iliyojificha ndani ya neno hili. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo kuhusu kemikali ya kuvu-mwani inayodaiwa kuzuia saratani, na majarida 157 yaliikubali huku 98 yakiikataa. Kazi hiyo ilisifiwa sana, na ilistahili sehemu ya sifa hizo. Lakini majina ya waandishi aliyoyabuni aliyafanya yasikike kuwa ya Kiafrika, akawaweka katika taasisi za kubuni za miji ya Afrika, na alieleza mwenyewe kwamba alitumaini mhariri asiyepata habari zao mtandaoni hatashuku sana kwa kuwa wametoka nchi zinazoendelea. Miaka miwili baadaye Beall aliandika akiuliza kama SciELO, mkusanyiko wa majarida huria ulioanzia Brazili, ni mtaa wa mabanda wa uchapishaji. Wabrazili walimjibu kwa hasira, na walikuwa na haki. Kwa hiyo mjumbe wa kamati anaposema "la kinyang'anyi", hebu aulizwe anamaanisha jarida lililodanganya, au jarida lisilotoka Ulaya.

Mhadhiri Msaidizi, Morogoro

Shikamoo Mwalimu, nawe Dada Mkutubi, ahsanteni sana. Maneno ya Mwalimu yameniuma, kwa hiyo nimeona nieleze jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Siku ile ya Ijumaa nilipoona jibu limerudi ndani ya siku nne, moyo uliniambia kuna kitu. Makala yangu ya kwanza, ambayo ilitoka katika jarida la humu nchini, ilikaa miezi kumi na mmoja na ikarudi na kurasa tatu za maswali. Nililijua hilo. Lakini mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na nikajiambia kwamba huenda hawa wana wahakiki wengi. Sijui kama hapo nilikuwa windo au mnunuzi. Naona nilikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na sioni neno linalosema hivyo.

Daktari Mtafiti, Mwanza

Neno lipo, mwenzangu, na sisi wa hospitali tunalitumia kila siku. Tunayo magonjwa nyemelezi, yale ambayo mtu mwenye kinga imara hukutana na vijidudu vyake na kupita salama, lakini kinga ikishuka yanamwingia. Kunyemelea ndivyo afanyavyo mwindaji, hivyo maana ya Beall haikupotea, ila neno hili linakulazimisha uulize swali la pili kuhusu hali ya mwili ulioshambuliwa. Nimekuwa nikisema "majarida nyemelezi" katika mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa, nao wanaelewa mara moja bila ufafanuzi. Mkataba unaokwisha, kamati inayohesabu bila kusoma, jarida la nyumbani linalochukua miezi kumi na mmoja: hiyo ndiyo kinga iliyoshuka.

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu wanunuzi, ila nina ushahidi utakaomsaidia katika hoja yake ya ramani. Mwaka 2017 mtafiti David Moher wa Ottawa na wenzake walichapisha katika Nature uchunguzi wa makala 1,907 za afya zilizotoka katika majarida ya aina hii. Zaidi ya nusu ziliandikwa na watu wa nchi za kipato cha juu na cha juu cha kati, na kati ya zile zilizotaja mfadhili, aliyetajwa mara nyingi zaidi alikuwa taasisi kuu ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani. Basi anayefikiri kwamba hili ni tatizo la watu wa Morogoro na Eldoret aanze kutafuta kwao.

Lakini idadi iliyonikaa moyoni katika uchunguzi ule ni nyingine. Ndani ya makala zile mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya milioni mbili na wanyama zaidi ya elfu nane, na asilimia 40 tu ya tafiti ndizo zilizotaja kwamba zilipata kibali cha kamati ya maadili. Mimi ndiye ninayekaa kitandani kwa mgonjwa nikimweleza fomu ya ridhaa. Namwambia, "Mama, damu hii tunayoichukua itawasaidia wengine." Anakubali kwa sababu ananiamini. Matokeo yake yakienda mahali ambapo hayatahakikiwa, hayatapatikana na watakaokusanya ushahidi wa tiba, na tovuti inaweza kuzimwa mwaka ujao, basi ile ahadi niliyompa haikutimizwa. Wenzangu wengi wakizungumza juu ya majarida haya huzungumza juu ya heshima ya msomi na cheo chake. Ningependa mazungumzo yetu yaanzie kwa yule mama.

Tena kuna hatari ya upande wa pili, makala mbovu inayopatikana kirahisi mno. Zipo zilizopenya hadi katika PubMed, hazina ya mtandaoni ambamo madaktari hutafuta makala za tiba, kwa njia ya waandishi kuziweka wenyewe kama wafadhili wao wanavyowataka. Daktari wa zamu anayetafuta kipimo cha dawa usiku hatazami bodi ya wahariri.

Mhariri wa Jarida, Unguja

Naomba kusema kwa niaba ya sisi tulio upande wa pili wa meza, wahariri wa majarida madogo ya nyumbani, ambao maneno haya hutuangukia bila kukusudiwa.

Jarida letu hutoka mara mbili kwa mwaka, na mara nyingine mara moja. Hatutozi ada. Tovuti yetu imewahi kuzima wiki tatu kwa sababu aliyekuwa akiilipia alistaafu. Wahakiki wetu ni watu wale wale kumi na tano wanaofundisha vyuo vitatu, na mtu akiwa na tasnifu nane za kusahihisha, makala ya jarida husubiri. Ukichukua orodha ya dalili iliyoandaliwa kwa mazingira ya mbali ukatupima nayo, tutaanguka katika vipengele kadhaa: anwani ya barua pepe ya kawaida, tovuti isiyopendeza, sera ya uhifadhi isiyoandikwa. Na tapeli aliyejifunza ataifaulu orodha hiyo hiyo, kwa sababu fedha za kutengeneza tovuti nzuri anazo. Jarida la Kiswahili la pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo mizizi yake inarudi kwenye Kamati ya Lugha ya miaka ya 1930, lilisomwa kwa karatasi kwa vizazi vizima kabla ya kuwapo kwa tovuti yoyote, na hakuna aliyelitilia shaka, kwa sababu wasomaji walikuwa wanalisoma.

Ndiyo maana nauthamini zaidi utaratibu wa AJOL, ile hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini. Kwa kushirikiana na INASP, shirika la Uingereza la kuendeleza utafiti, waliweka viwango vya kuyapima majarida kwa nyota, kuanzia jarida lisilo na nyota hadi lenye nyota tatu, pamoja na maelezo ya nini kirekebishwe ili lipande. Jarida changa linaonekana kuwa changa, na si laghai. Hata jopo la muungano wa akademia za sayansi duniani, lililotoa ripoti yake mwaka 2022, lilisema tuyafikirie matendo haya kuwa yamepangwa katika mstari mrefu, kuanzia udanganyifu mtupu hadi uzembe wa jarida lenye nia njema, badala ya kugawa majarida mafungu mawili. Na wakubwa nao wamo katika mstari huo: kampuni ya Wiley ya Marekani iliinunua Hindawi mwaka 2021, na mwaka 2023 pekee makala zaidi ya 8,000 za majarida ya Hindawi zilibatilishwa, nyingi kwa sababu uhakiki wake uliingiliwa na viwanda vya kutunga makala, yaani wafanyabiashara wanaouza makala za kubuni. Majarida hayo yalikuwa katika orodha nzuri, na wengi walipandishwa vyeo kwa ajili yake.

Kwa hiyo, binti yangu, jina ninaloliona la haki ni lile linalotaja tendo. Wajumbe wa kamati yako wangesema, "Jarida hili lilikubali makala kwa siku nne, halikuona kosa la jedwali la pili, na halikujibu maombi ya masahihisho." Hilo lingekuwa hukumu inayoeleweka, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na isiyomgusa mwandishi kwa lile asilolitenda. "Nyemelezi" la Daktari nalipenda kwa mazungumzo. Kwa kumbukumbu za kikao naomba tendo liandikwe.

Mkutubi, Dar es Salaam

Narudi kwa swali la tatu, maana naona tumelisahau na huenda ndilo lenye haraka.

Usiipeleke makala hiyo hiyo kwenye jarida jingine kimyakimya. Hata kama lile la kwanza halistahili kuitwa jarida, makala imeshatoka hadharani kwa jina lako, na ukigundulika utashtakiwa kuchapisha mara mbili, kosa ambalo litakuwa lako kweli. Hatua ya kwanza ni kuandika barua rasmi ya kuiondoa, ukieleza sababu, na kuhifadhi nakala. Usilipe chochote watakachokudai kwa ajili ya kuiondoa. Kuwazuia waandishi wasiondoe makala zao ni moja ya tuhuma ambazo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliipeleka nazo mahakamani kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, mwaka 2016, pamoja na kuficha ada mpaka makala ikubaliwe na kudai uhakiki usiofanyika. Mwaka 2019 mahakama iliiamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50. Kwa hiyo huna sababu ya kuona aibu, wala ya kuwaogopa.

Wasipoiondoa, chukua takwimu zako, zichambue upya, ongeza msimu wa tatu kama unao, andika makala mpya, na katika barua ya kwanza kwa mhariri mweleze yote yaliyotokea kama ulivyotueleza sisi. Wapo wahariri watakaokataa. Wapo pia watakaosema wanakushukuru kwa kuwa mkweli, na nimewaona.

Mhadhiri Msaidizi, Morogoro

Nimeandika barua ya kuiondoa makala Jumatano. Jibu lilikuja baada ya saa mbili, haraka kuliko yote niliyowahi kupata kutoka kwao, likidai dola 250 za "gharama za uondoaji". Sikulipa. Nimechapa barua yangu na jibu lao, nikaambatisha jedwali la pili likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na kuvipeleka kwa katibu wa kamati viwekwe katika jalada langu, nikiomba kumbukumbu za kikao ziandike kilichotendwa na jarida badala ya jina walilolitumia. Msimu wa tatu ninao. Magunia arobaini na mawili yako ghalani Kilosa, na Jumatatu naenda kupima unyevu.